Jina Nililolifuta Bila Kulitaja

Mama Mado mpendwa,

Nakusalimia wewe na nyumba yako yote, halafu nakuomba unisome mpaka mwisho hata kama mwanzo utakuchosha, kwa sababu ni habari za kompyuta, na mimi nikianza habari za kompyuta hata mume wangu anakumbuka ghafla kwamba ana kazi nje. Nahitaji jibu kabla ya Jumatano ijayo, na sababu utaiona.

Nina miaka thelathini na minne. Nimezaliwa hapa Kolwezi, wazee wangu ni watu wa Kasai, babu aliletwa na kazi ya mgodi na hakurudi tena kwao. Niliolewa na Mukalay, ambaye kwao ni kaskazini ya Katanga, na unajua mambo ya hapa kwetu kati ya watu wa Kasai na wa Katanga, haikuwa rahisi, walichukua miaka miwili kabla ya kukubali, na aliyekubali wa kwanza alikuwa baba yake mwenyewe, ambaye alisema mbele ya ukoo mzima kwamba yeye hachagui wakwe kwa ramani. Tangu siku ile yule mzee ni baba yangu kabisa. Alifanya kazi kwenye bwawa la Nzilo miaka thelathini na moja akisoma vipimo vya mitambo ya umeme, na kitu anachojivunia kuliko vyote maishani ni macho yake.

Mimi naandika programu kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Ruby. Miaka tisa iliyopita, mimi na mwenzangu wa kazi, Samy, tulianzisha maktaba ndogo ya nyongeza tukaiita Kitunga. Nieleze kwa kifupi. Ruby inakuja na vitu vyake tayari, kama maneno, namba na tarehe, na kila kitu kinajua kazi zake. Neno linajua kujigeuza herufi kubwa, tarehe inajua kesho ni lini. Kitunga kinaviongezea kazi ambazo sisi wa hapa tunazihitaji na waliotengeneza Ruby hawakuziwaza, yaani namba ya simu ijiwekee 243 ya nchi yetu mbele, tarehe ijiandike kwa Kifaransa kama karani wa ofisi ya komini anavyotaka, jina la mtu lijipange lenyewe nom, postnom na prénom, yaani jina, jina la pili na jina la Kikristo. Tulikiweka wazi mtandaoni, bure, achukue anayetaka. Samy akahamia Lubumbashi, akapata kazi kubwa na watoto, nikabaki nacho peke yangu, na kila Ruby inapotoa toleo jipya ni mimi ninayekaa Jumamosi nzima kutafuta kilichovunjika, halafu Jumatatu naandikiwa na watu nisiowajua wakinidai majibu kama vile wameniajiri. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Au basi, nalalamika kidogo.

Sasa kosa lenyewe. Mwaka wa pili wa Kitunga, pale nilipokuwa nafanya kazi, makarani walikuwa na mchezo wa kuandika jina la mtu mara mbili, maana karatasi ilikuwa na jina juu na jina chini, nao wananakili vyote. Nikachoka kusahihisha kwa mkono, nikaongeza ndani ya Kitunga kazi ya kusafisha jina: ikikuta neno moja limejirudia, inafuta la pili. Halafu nikaijaribu, kwa sababu sisi hatutoi kitu bila kukijaribu, unaandika orodha ya mifano na kompyuta inaipitia yote kila mara unapobadilisha chochote. Niliweka majina ya watu wangu. Baba, mama, dada zangu, mashemeji, mama mkwe kwa jina lake la ubatizo, majirani, watu arobaini na kitu. Yote yakapita.

Jina moja sikuliweka. Mama, wewe ni mtu wa hapa, unajua kwamba jina la baba mkwe halikai mdomoni mwa mke wa mtoto wake, na mimi kwa vile ni mgeni katika ukoo ule nililishika jambo hilo kuliko hata wenyewe, silitamki, siliandiki, hata mwanangu wa kwanza aliyerithi jina hilo namwita Papa, na kwenye ile orodha ya mifano nilimwandika kwa prénom yake tu. Hata kwako sitaliandika. Niseme tu kwamba mzee alizaliwa akapewa jina la babu yake kama lilivyokuwa, nom na postnom ni neno lilelile, mara mbili, na prénom hana, maana karatasi zake ni za wakati ule ambapo serikali iliziondoa prénom za Kikristo.

Mwezi wa tano walikuja hapa madaktari wa macho, wanakuja mara moja kwa mwaka, wanapasua mtoto wa jicho kwa juma moja halafu wanaondoka. Mzee jicho la kushoto limeshafunga na la kulia limeanza kuwa na ukungu. Tulimwandikisha mapema kwenye kliniki moja ya hapa, jina lake naliacha. Siku ya kuitwa tulikaa kwenye benchi tangu saa kumi na mbili asubuhi, wakaita watu wote, yeye hawakumwita, na walipotafuta hakuwemo kwenye orodha. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu madaktari walikuwa wameondoka.

Nyumbani ilikuwa vita. Wifi yangu Mignonne alikwenda kliniki akapiga kelele mpaka mkurugenzi akatoka ofisini, na kosa likaangukia kwa mwanamke mmoja anayeitwa Laure, ambaye ndiye aliyemwandikisha mzee. Wamemsimamisha kazi, na kamati yao itakaa Jumatano kuamua kama wamfukuze moja kwa moja.

Laure mwenyewe alikuja kwetu Jumapili baada ya misa kuomba msamaha. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mikono juu ya magoti. Akamwambia mzee: "Tata, mi niliandika majina yako yote mbili na mukono yangu. Sijue namna gani moja ilipotea. Pengine nilichoka. Unisamehe."

Mzee hakumfukuza, ila alimjibu kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko kelele: "Mi nilisoma bipimo bya Nzilo miaka makumi tatu na moja, hata namba moja sikukosa. Weye jina ya muntu mumoja tu inakushinda?"

Laure akatoa simu akaonyesha picha aliyokuwa amepiga ili ajitetee. Karatasi aliyoijaza ilikuwa na majina mawili kwa wino, yanasomeka vizuri. Kwenye kioo cha kompyuta jina lilikuwa moja, na chini yake programu imeandika kwamba mtu huyu ana jina pungufu, faili yake imewekwa kando, na kwenye kona kwa herufi ndogo ndogo kulikuwa na jina la kitu kilicholisafisha. Kitunga. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika simu hiyo, Mama Mado, nikaitazama, nikamrudishia, nikaenda jikoni kumletea maji. Aliyeandika programu ya kliniki alichukua maktaba yangu bila mimi kujua, kama wengine wote. Nilimpa Laure maji akanywa akanishukuru.

Hiyo ni wiki mbili sasa. Mukalay sijamwambia. Nilimwambia Samy kwa simu, naye akaniambia: "Tengeneza tu, uandike 'petite correction', marekebisho kidogo tu, njo kuisha. Ni nani atasoma ile?" Na akanikumbusha kwamba leseni yetu inasema waziwazi kwamba anayekitumia anakitumia kwa hatari yake mwenyewe, na hilo ni kweli, limeandikwa. Lakini hata kutengeneza si rahisi, kwa sababu kuna mtu wa Dilolo, Tatiana, anatumia Kitunga kulinganisha karatasi za wafanyabiashara wanaovuka kwenda Angola, na miaka yote ameyahifadhi majina yakiwa yamekwisha kufupishwa. Nikibadilisha kwa ghafla, watu wake wa zamani hawatapatikana tena, na ndipo nitakuwa nimefuta wengine ili kumrudisha mmoja.

Na naogopa, niseme wazi. Naogopa wataniambia kwamba huyu mwanamke wa Kasai tuliyemkaribisha ndiye aliyefuta jina la mzee. Mignonne alishasema mezani, akimaanisha Laure: "Ule muntu njo alifuta jina ya Papa. Bamufukuze." Mimi nilikuwa naokota vyombo. Na mzee mwenyewe, aliyenifungulia mlango, atanitazama namna gani, kwa jicho gani.

Basi nisaidie. Nitengeneze kimya kimya kama Samy alivyosema? Nimwambie mume wangu tu? Au nikiache Kitunga kabisa, nikifute mtandaoni, nisiwe tena na kitu kinachoweza kumdhuru mtu nisiyemwona?

Ni mimi, Ndaya (si jina langu), Kolwezi

*

Ndaya,

Jibu hili nimelituma leo Alhamisi kwenye namba uliyoniachia, na gazetini halitatoka mpaka kamati iwe imeshakaa. Majina yote nimeyabadilisha. Kwa hiyo ukilisoma hapa, ujue wewe ulikuwa nalo tangu mapema, na wasomaji watajua hivyo pia.

Kompyuta mimi naijua kwa kuiwasha na kuizima. Lakini kabla ya ukurasa huu nilikuwa karani wa parokia miaka kumi na saba, naandika ubatizo na ndoa, na siku moja niliandika jina la bibi arusi kwenye mstari wa dada yake. Waligundua baada ya miaka sita, alipotaka cheti. Kwa hiyo pole. Pole kwa Jumamosi zako pia. Watu wanaotumia kazi yako bure na kukutuma kama mtumishi hawana adabu, na mtu angepaswa kukushukuru kabla ya leo. Nakushukuru mimi.

Sasa tuache kubembelezana.

Umeniuliza maswali matatu na yote matatu ni ya Kitunga au ya kwako. Habari ya Laure hujauliza. Umemwandika vizuri, ukingo wa kiti, mikono juu ya magoti, maji aliyokunywa, halafu ulipofika kwenye maswali ukamwacha nje. Mama, mwanamke yule yuko mbioni kufukuzwa kwa kosa ambalo unajua kwa jina na kwa mstari lilipo, na uliishika mkononi picha inayomwokoa ukairudisha. Kosa la miaka saba iliyopita ni kosa, linamtokea kila anayefanya kazi. Hizi wiki mbili ni kitu kingine, na hizo si za kompyuta.

Leseni niondolee. Karatasi inayosema kila mtu atumie kwa hatari yake inakulinda mbele ya hakimu, na hakuna aliyekupeleka kwa hakimu. Laure hakuisoma, mzee hakuisoma, na hata aliyeandika programu ya kliniki nina wasiwasi kama aliisoma. Na huyo Samy, msalimie, umwambie kwamba anayeuliza nani atasoma anajua kabisa kwamba kinachoandikwa si kweli.

Kuhusu jina la mzee. Heshima ya ukwe naijua, nimeolewa mimi, na baba mkwe wangu nimemzika bila kulitamka jina lake. Inakukataza wewe kulitaja. Haikukatazi kumwambia Mukalay, kaa hapa dakika moja, niandikie jina la baba yako kwenye orodha hii. Ulikuwa na mume ndani ya nyumba na hukumtumia. Na majina ya namna ile hapa kwetu yamejaa, nenda mtaa wowote. Ulijua. Ulilizunguka jina moja kwa heshima mpaka ukasahau kwamba mwenye jina ni mtu, naye ataandikishwa mahali siku moja kama watu wengine.

Wewe mwenyewe unasema ni mgeni katika ukoo ule. Unasema hivyo baada ya ndoa yote hiyo na mtoto aliyerithi jina. Mignonne atasema maneno, ndiyo, nisikudanganye. Na neno la Kasai linaweza kutoka, utalisikia na litauma. Lakini fikiri litauma namna gani Mignonne akilijua jambo hili mwakani, kutoka kwa mtu mwingine, wakati Laure ameshafukuzwa na wewe ulikuwa unaokota vyombo.

Kuhusu Kitunga, nilimtafuta Kabasele, anayefundisha kompyuta hapa mjini, mtu mtaratibu, nikamsomea sehemu zako za Ruby bila kutaja jina. Alielewa haraka kuliko mimi. Anasema usikifute, maana waliokwisha kukichukua wanacho tayari, ukikifuta utawaachia kosa bila mtu wa kulitengeneza. Anasema utoe toleo jipya lenye namba kubwa, si ile namba ndogo ya marekebisho ya kupita, ili kila mtu ajue kuna kitu kimegeuka. Katika toleo hilo kusafisha jina kusifute neno lolote. Ile tabia ya zamani uiache kando kwa jina lingine, iwe inatoa onyo kila inapoitwa, kwa muda wa mwaka mmoja, ili Tatiana wa Dilolo apate nafasi ya kurekebisha majina aliyoyahifadhi. Na umwandikie Tatiana wewe mwenyewe kabla hajalikuta toleo mwenyewe. Juu kabisa ya maelezo ya toleo uandike kwa maneno ya kawaida: kazi hii ilikuwa inafuta majina halali ya watu, mtu mmoja alikosa matibabu kwa sababu hiyo, kila anayeitumia aangalie orodha zake. Hapo aliongeza jambo ambalo lilinikaa: kama kliniki moja hapa Kolwezi imeweka mtu kando, huko kwingine kuna wangapi, na nani ameshawafungulia faili? Hujaniuliza hilo. Ukaliulize.

Ukishamaliza hayo ndipo useme kama umechoka. Kuchoka si aibu. Tafuta mtu wa kukusaidia, umkabidhi vizuri, upumzike. Ila huwezi kukabidhi kitu wakati kosa limefichwa ndani.

Mukalay umwambie leo akirudi kutoka kazini, kabla ya chakula. Atakasirika kwa wiki mbili za kimya kuliko kwa kompyuta, mwache akasirike. Halafu mambo ya ukwe yaende kwa njia yake: usimwendee mzee peke yako, umwombe Mukalay amwite shangazi yake, mwende watatu, shangazi aseme kwanza, na akishamaliza useme wewe, kwa kinywa chako, mzee asiachwe kusikia kila kitu kwa mtu wa kati. Usimweleze Ruby. Mwambie: chombo nilichotengeneza mimi kilifuta jina lako, Laure hakukosa, na mimi nilinyamaza kwa woga. Basi, unyamaze, umsikilize. Aliyekubali mkwe kwa namna ile anaweza kukushangaza, na anaweza asikushangaze. Hilo ni lake.

Na jicho lisingoje mwakani. Kesho uulize kliniki madaktari wale wamekwenda mji gani, na kama hapa hawarudi, nani anapasua Lubumbashi. Mzee aonwe na daktari mwezi huu, aseme daktari kama jicho la kulia linaweza kusubiri, si wewe wala mimi. Safari uipange wewe na uende naye wewe.

Jumatano nenda kwenye kamati na karatasi iliyosainiwa: wewe ni nani, Kitunga ni nini, kilifanya nini, picha ya karatasi ya Laure pembeni. Waombe pia waifungue ile faili ya majina pungufu mbele yako, wote mliopo, muangalie nani mwingine yumo.

Lakini usingoje Jumatano kwa Laure. Yeye umwendee kesho asubuhi, kabla ya mkurugenzi na kabla ya kamati, ubishe mlangoni kwake kama alivyobisha kwako. Utamkuta mwanamke ambaye kwa wiki mbili amekuwa akikumbuka siku ile saa kwa saa, akitafuta ni wapi mkono wake ulikosa, na kwa kuwa hapati, amekubali tu kwamba ulikosa. Hakukosa. Mwambie.

Mama Mado